Taa Iliyozimwa Kabla ya Kazi

Ukipeleka gari lako kwa fundi Tawakali pale njia panda ya Nangurukuru, usishangae kulikuta na alama ya kidole cheusi kwenye dashibodi, pale kwenye kitufe cha kilometa. Wateja wengine wanachukia. Kuna mwalimu mmoja alimfokea mbele za watu, "Fundi gani wewe, hata kunawa hujui!" Tawakali alichukua kitambaa akafuta, doa likazidi kuenea, akaomba radhi. Mwalimu akaondoka anasonya. Na mimi simlaumu, maana hakuwepo msimu ule wa pweza, na hajui kwamba huyu huyu Tawakali alikuwa fundi msafi kuliko mafundi wote wa njia panda ile. Usafi wenyewe ndio uliomponza.

Alikuwa na utaratibu wake. Gari likija kubadilishwa oili, anaanza na kazi za mikono misafi. Ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anakaa kwenye kiti cha dereva, anaizima ile taa ya njano yenye alama ya spana inayowaka kumkumbusha mwenye gari kuwa sevisi imefika. Anafungua swichi bila kuwasha injini, anahakikisha kilometa zimekaa kwenye safari A, ile hesabu ya kwanza ya safari, anafunga, anabonyeza kitufe na kukishikilia, anafungua swichi tena bila kukiachia kitufe mpaka namba zirudi sifuri. Taa inazimika. Halafu anaandika kadi ya kilometa za sevisi ijayo kwa mwandiko wake mzuri, anaitundika karibu na usukani. Baada ya hapo ndipo anatandika boksi chini na kuingia uvunguni.

Mafundi wenzake walimcheka sana. "Tawakali, wewe unamvalisha mtoto kabla ya kumwogesha!" Yeye anawajibu kwamba hataki kukalia kiti cha mtu na suruali imelowa oili. Na kusema kweli, miaka kumi na minne alifanya hivyo na hakuna gari hata moja lililopata tatizo. Tena alikuwa na neno lake moja alilopenda kuwaambia madereva waliokuwa wakimkimbilia na hofu zao: "Taa ikikuwakia baada ya sevisi usihangaike, ni taa tu. Endelea na safari, ukipata nafasi njoo niizime." Walilishika neno hilo kwa sababu lilikuwa rahisi na lilitoka kwa fundi waliyemwamini.

Sasa ili uelewe kilichompata, lazima kwanza umjue mkwewe.

Tawakali ni mtu wa Milola, mtoto wa wakulima wa korosho. Alimwoa Zuhura, binti wa Kiswere, na wana mtoto mmoja wa kike anaitwa Sauda. Mama yake Zuhura ni Bi Salima, mjane, mfanyabiashara wa samaki na pweza. Bi Salima ni mtu wa kizamani, na kwa watu wa kizamani wa huku ukwe si jambo la mchezo. Mkwe wa kiume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, hali naye, hamtazami usoni, wala hawaitani majina. Wakiwa na la kuambiana, katikati anakuwepo Zuhura. Bi Salima yuko jikoni, mkwe yuko barazani, hatua nne kutoka hapo, mama anapaza sauti: "Zuhura, mwambie mkwe wangu chai ipo!" Tawakali kasikia neno kwa neno, lakini anamsubiri Zuhura aje amwambie. Kisha naye anasema, "Mwambie mama ahsante." Na mama kasikia pia. Vijana wa siku hizi wanaona ni vichekesho, ila hao wawili walipendana kwa namna hiyo miaka kumi na moja, na hakuna siku waliyovunjiana heshima.

Bi Salima alikuwa na pikapu nyeupe. Aliipata baada ya miaka mingi ya kukaa mbele ya karai la mafuta ya moto akikaanga samaki, na ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo wake na barafu kutoka Kiswere mpaka kwa wanunuzi wa njia panda. Dereva wake aliitwa Severini. Huyu alikuwa Mkatoliki kutoka milima ya Umatumbi, mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Alitundika rozari kwenye kioo cha ndani, na Bi Salima, pamoja na swala zake zote tano, hakuwahi kumwambia aiondoe. Miaka sita alimwendeshea. Samaki hawajawahi kupungua, mafuta hayajawahi kupungua.

Siku ya mkasa ilikuwa Alhamisi. Taa ya njano ilikuwa imewaka wiki nzima, na Bi Salima aliyeogopa taa yoyote ndani ya gari alimpa Severini dumu la oili mpya na amri moja: akishusha mzigo apeleke gari kwa mkwe, asirudi Kiswere mpaka taa imezimwa. Severini akafika saa tano na nusu, akamkabidhi Tawakali dumu na funguo, akaenda zake kutafuta wali.

Tawakali akaliweka dumu ndani ya kibanda chake. Akanawa. Akazima taa, akaandika kadi, akaitundika. Akatandika boksi, akasukuma karai chini ya injini, akaingia uvunguni na spana yake. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imebana, akakaza mkono ikalegea, akaizungusha kidogo, oili nyeusi ikaanza kudondoka tone moja moja.

Hapo ndipo kipaza sauti cha msikiti kikalia. Innalillahi. Mzee Amiri, muuza kahawa, aliyekuwa amelazwa Lindi, amefariki, maiti imeshafika, na maziko ni mara baada ya adhuhuri. Tawakali alibaki amelala pale chini, anatazama sampu ya gari, lile bakuli la oili, machozi yanamtoka. Huyu Mzee Amiri ndiye aliyempa kona ya kufanyia kazi enzi zile hajulikani na mtu, akamwambia jenga kibanda chako hapa ubavuni mwangu tutazamane. Kila alfajiri kikombe cha kwanza kilikuwa cha Tawakali. Angekosaje kumbeba?

Akairudisha bolti kwa vidole. Kwa vidole tu, bila spana, akijua kabisa kwamba akirudi ataifungua tena. Akanawa, akavaa kanzu, akakimbia.

Pale gereji kuna desturi. Kazi ikiachwa katikati, fundi anavunja tawi la mwarobaini analiweka kwenye usukani. Hakuna dereva asiyelijua tawi hilo, hata mwenye gari akilikuta haligusi. Siku hiyo Tawakali hakuvunja tawi. Lilimtoka kichwani, basi. Funguo zilibaki kwenye swichi kama ilivyo kawaida, na gereji nzima ikahamia msibani.

Severini akarudi ameshiba. Hakumkuta mtu. Simu yake ikaita, ni Bi Salima: pweza wa mchana wameshuka wengi, barafu inayeyuka, yuko wapi? Severini akafungua mlango wa gari, akafungua swichi. Taa ya njano haipo. Kadi mpya inaning'inia, mwandiko wa fundi mwenyewe. Kilometa zimeanza upya. Boneti imefungwa. Jamani, hebu nawe jiweke kwenye kiti kile, ungefikiri nini? Akaondoka.

Makaburini jeneza lilikuwa begani. Tawakali alikuwa mbele upande wa kulia, na simu ilikuwa ikimtetemekea mfukoni bila kukoma. Akapokea kwa mkono mwingine ili inyamaze.

"Fundi," sauti ya Severini ikasema, "taa imewaka. Nyekundu hii."

"Ni taa tu, Severini," Tawakali akanong'ona. "Usihangaike nayo. Nipo mazikoni." Akakata.

Alidhani Severini kakaa kwenye pikapu pale pale gereji anachezea swichi. Hakumwuliza yuko wapi. Hakumwuliza kwa nini taa ni nyekundu wakati ile ya sevisi ni ya njano. Neno lilikuwa mdomoni kwake siku zote, likatoka lenyewe. Severini naye, aliyekuwa amesimama kando ya barabara kuu na gari linaunguruma, alipolisikia lile neno alilolizoea, akaingiza gia akaendelea.

Maziko yalipokwisha Tawakali akarudi gereji na vumbi la kaburi miguuni. Pikapu haikuwepo. Karai lake lilikuwa pale pale, na ndani yake matone machache tu ya oili nyeusi, hayakuenea hata kitako cha karai. Akasimama. Akageuka kuangalia ndani ya kibanda: dumu la oili mpya limekaa, kizibo hakijaguswa. Akapiga simu ya Severini, haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Kwa Bi Salima hakupiga, kwa sababu katika miaka kumi na moja hakuwahi kumpigia, na hata namba yake hakuwa nayo. Angeweza kumpigia Zuhura ampigie mama yake. Na hilo hakulifanya, akajidanganya kwamba labda gari liko salama.

Saa tisa Severini akampigia. "Fundi, injini imenoki. Imelia kama imepigwa nyundo, ikasimama."

Tawakali akapanda bodaboda na sanduku lake la spana. Aliikuta pikapu kando ya barabara, karibu na kuingia njia ya vumbi ya Kiswere. Severini alikuwa ametembea hatua mia mbili huko mbele kutafuta lori la kuwavuta. Tawakali akalala chini, akaangalia. Bolti haikuwepo, tundu lilikuwa wazi, mstari mweusi wa oili umeganda kwenye chuma. Na hapa nitasema bila kumwonea haya: akafungua sanduku lake, akatoa bolti nyingine, akaifunga. Safari hii akaikaza kwa spana, kwa nguvu zake zote. Mikono ilifanya, na yeye akaitazama ikifanya. Severini aliporudi, hapakuwa tena na tundu la kumwonyesha.

Basi kesi ikawa nyepesi. Gari limekaguliwa na watu wa Kiswere, bolti ipo imekazwa, oili hakuna hata tone. Bi Salima alitoa dumu zima kwa mkono wake. Dumu limekwenda wapi? Watu wakajijibu wenyewe: dereva kaiuza oili njiani, kaendesha gari kavu. Madereva si ndio zao? Neno likazunguka kijiji kizima kabla ya magharibi.

Jumapili ukoo ukakaa nyumbani kwa Bi Salima. Msemaji alikuwa Mjomba Abdala, kaka yake Bi Salima, na huku mjomba akisema, amesema. Tawakali alikuja na Zuhura, lakini kwa kuwa mama mkwe alikuwa ndani, yeye aliketi nje nyuma ya ukuta, kwenye kigoda, kama ilivyo ada. Alisikia kila kitu.

"Mimi dumu nilimkabidhi fundi, na gari nimelichukua limekwisha sevisi," Severini alisema. "Taa ilikuwa imezimwa, kadi imetundikwa. Na taa nyekundu ilipowaka nilisimama nikampigia fundi."

"Hebu koma hapo," Mjomba Abdala akasema. "Fundi ni mkwe wa nyumba hii. Hatumwiti mkwe mbele ya mama mkwe wake kumhoji. Usitafute pa kujifichia kwenye heshima ya watu."

"Simtuhumu, mjomba. Naomba aulizwe tu."

"Haulizwi."

Tawakali nyuma ya ukuta alikuwa amekalia mikono yake. Alijiambia, wakiniita nitasema. Wallahi wakiniita tu, nitasema. Na alijua vizuri sana kwamba hawatamwita. Ule ukwe aliouheshimu miaka kumi na moja sasa ulikuwa umemkinga, na yeye akakubali kukingwa.

Severini akafukuzwa kazi. Akatoka na mfuko wake wa nguo na rozari mkononi. Njia ya kutokea ilipita pale alipokaa Tawakali. Akasimama mbele yake, akamtazama, na Tawakali akatamani atukanwe, apigwe hata kofi.

"Sikupata nafasi ya kukupa pole ya Mzee Amiri," Severini akasema. "Pole sana, fundi." Akaenda zake.

Wiki tatu zilizofuata Tawakali hakuwa mtu. Chakula anakigeuza geuza tu. Kila gari likija la kubadilisha oili anakaa kwenye kiti cha dereva, anashika kile kitufe, na namba zikirudi sifuri jasho linamtoka. Kwa nini hakulitupa lile dumu, Mungu ndiye ajuaye. Alilisukuma nyuma ya matairi chakavu, akalifunika na gunia, na kila asubuhi jicho lake linaanzia hapo.

Zuhura ndiye aliyelifunua. Alikuja gereji kuomba oili chafu ya kupaka nguzo za banda la kuku, mchwa walikuwa wamezila. Mumewe alikuwa uvunguni mwa gari la mtu, akamwambia jichotee mwenyewe. Akaingia kibandani, akainua gunia.

Akatoka nalo, kalishika kwa mikono miwili.

"Baba Sauda. Hili si dumu la mama?"

Tawakali akatoka uvunguni. Alitaka kusema uongo mmoja tu wa mwisho, ukamkatalia. Akamweleza yote: taa, kadi, bolti, simu ya makaburini, na ile bolti ya pili. Zuhura alisikiliza amesimama, dumu bado mikononi.

"Na Severini umemwacha aondoke na jina la mwizi," akasema.

"Nimemwacha."

"Masikini Severini." Akaliweka dumu chini. "Wewe, kwa nini hukusema mapema? Kwa nini?"

Tawakali akasema, "Twende Kiswere. Wewe utaingia umwambie mama. Mimi siwezi kusimama mbele yake, unajua."

Wakaenda siku hiyo hiyo, wakafika baada ya alasiri. Bi Salima alikuwa ndani amekaa kwenye mkeka, hana cha kufanya. Biashara ilikuwa imelala. Pikapu ilikuwa uani, imefunikwa turubai, kuku wanataga chini yake. Zuhura akaingia. Tawakali akaketi pale pale nyuma ya ukuta, kigoda kile kile.

Akamsikia mkewe akimwamkia mama yake. Wakaulizana hali.

"Mama," Zuhura akaanza, na sauti yake ikayumba, "baba Sauda kaja na neno. Anasema... anasema anamwombea Severini msamaha. Binadamu anateleza. Kama inawezekana arudishwe kazini, yaishe."

Tawakali alifunga macho. Hakumlaumu. Zuhura alikuwa analinda nyumba yake, baba wa mtoto wake, na alikuwa analinda kwa upendo. Maneno yake yalikuwa mazuri, tena angeweza kuishi nayo mpaka kufa kwake. Severini angerudi, akaendesha gari, akaamkia watu, akiwa mwizi aliyesamehewa. Na hilo lilimuuma kuliko yote, msamaha wa kosa ambalo mtu hakulitenda.

Akasimama. Akavua viatu na kofia. Akazunguka ukuta, akaingia mlangoni, akapiga magoti kwenye mkeka aliokalia mama mkwe wake, karibu kiasi cha kugusa upindo wa kanga yake. Zuhura alishika mdomo. Bi Salima haraka akajifunika uso.

"Mama, shikamoo. Naomba unisikie mimi mwenyewe. Zuhura kanihurumia. Severini hakuuza oili. Oili yako ninayo, dumu halijafunguliwa. Taa niliizima kabla ya kufanya kazi, kama ninavyofanya siku zote. Bolti niliilegeza mimi nikaiacha kwa vidole, nikaenda kumzika Mzee Amiri. Severini aliponipigia nilimwambia ni taa tu. Na nilipofika kwenye gari, bolti ilikuwa imedondoka, nikaweka nyingine ili isijulikane. Injini nimeiua mimi, mama. Na Severini nimemharibia jina mimi."

Alisema yote akiwa ameinamisha uso. Kisha akajilazimisha akauinua.

Bi Salima akauliza kanga ikiwa bado usoni, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Akaiteremsha kanga. Ilikuwa mara ya kwanza Tawakali kuyaona macho yake kwa karibu, na yalikuwa mekundu, yamechoka.

"Tawakali," akasema. Jina lake, kwa mdomo wa mama mkwe! Zuhura aliruka kidogo pale alipokaa. "Mimi si mjinga. Severini alinionyesha simu yake siku ile ile, kabla ya kikao. Namba yako ipo, saa nane kasoro kumi. Mmezungumza. Nilimwambia aifunge simu yake, mkwe wangu hasemwi."

"Mama..." Zuhura akasema.

"Niache nimalize. Sikulijua la bolti. Lakini nilijua kuna jambo. Nikawaza, nikilichimbua hili itabidi nimwite mkwe wangu nimhoji uso kwa uso, na ukwe utavunjika, na wewe Zuhura utaangukia wapi? Nikaona bora aende yule. Nikasema yule ni mgeni." Akalirudia lile neno polepole. "Mgeni. Miaka sita. Mwezi niliougua, ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka garini. Hamkuwepo ninyi."

Nje kuku alikuwa anapiga kelele chini ya turubai.

"Mpigie," Bi Salima akasema. "Hapa hapa, nisikie."

Tawakali akatoa simu, akapiga, akaweka spika. Iliita mpaka wakadhani haitapokelewa.

"Fundi," sauti ikasema. Nyuma yake kulikuwa na majembe na watu wanaongea Kimatumbi.

"Severini. Habari za huko."

"Nzuri. Tunapalilia."

"Niko Kiswere, kwa mama. Yuko hapa, anasikia. Nimemwambia. Bolti niliilegeza mimi, taa niliizima mimi kabla ya kazi. Na uliponipigia nilikwambia..." Akakwama.

"Uliniambia ni taa tu."

"Nilikwambia ni taa tu. Nisamehe, ndugu yangu."

Majembe yakanyamaza, labda Severini alikuwa amesogea pembeni.

"Maneno yalifika huku kabla yangu," akasema, bila ukali wowote, na bora angekuwa mkali. "Mwanangu wa darasa la tano wanamwita mtoto wa mwizi wa oili. Juzi kakataa kwenda shule. Mimi sirudi huko, fundi. Ila umefanya vizuri kusema. Nitamwambia mtoto kwamba umesema."

"Nitakuja mwenyewe. Nitakuja hukohuko niseme mbele ya watu, mbele ya mtoto."

"Njoo. Njia unaijua." Kisha akauliza, "Mama yupo hapo hapo?"

"Yupo."

"Naomba nimwamkie. Siku ile niliondoka bila kumuaga. Shikamoo, mama."

Tawakali akainyoosha simu mbele ya Bi Salima. Mama alifungua mdomo. Hakuna mtu wa pwani hii, hata akiwa kitandani anakata roho, anayeshindwa kuitikia shikamoo. Neno lenyewe ni moja tu na kila mtu kazaliwa nalo. Bi Salima alijaribu. Midomo ilicheza, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na neno halikutoka.

"Mama?" Severini aliita tena, taratibu, akidhani labda mtandao umekatika. "Shikamoo, mama."